Mjadala: Je, tulipe kiingilio Uhuru Park?

MWANZISHA MADA
Wenzangu, tangu bustani ya Uhuru Park ifungwe mwaka 2021 ikarabatiwe, kuna hoja ninayoisikia kila kona ya Nairobi: tutozwe kiingilio kama msitu wa Karura, japo shilingi 100, pesa zilipie usafi na ulinzi. Mimi napinga. Anayeunga mkono aje na hoja.

Mbuga ya Nairobi ina simba na vifaru, na wengi wetu huenda huko kwa nadra. Ada yake sina ugomvi nayo. Uhuru Park ni jambo lingine kabisa. Saa saba mchana utamkuta pale kijana aliyeshinda akitafuta kibarua Industrial Area, viatu kavivua, bahasha ya vyeti kaifanya mto. Anapumzisha miguu kabla ya kurudi Kibera, na atarudi kwa miguu hiyo hiyo kwa sababu nauli hana. Nyumbani ni chumba kimoja cha mabati, hakuna ua wala mti. Ukimdai mia langoni, umemfukuza.

Tena ardhi ile ililindwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1989 serikali ilitaka kuijenga jumba la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai akapinga, akashambuliwa kwa maneno hadi Bungeni, na mwishowe mradi ukafa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula pale pale, kona tunayoiita Freedom Corner, polisi wakawapiga. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilitangazwa papo hapo. Sasa niambieni, akina mama wale wangekata tiketi kwanza? Mwenye lango ndiye huamua nani aingie na lini.

MCHANGIAJI WA PILI
Ndugu yangu, historia umeieleza vizuri, lakini usalama umeuruka. Mimi ni mwanamke. Kupita Uhuru Park peke yangu jua likizama sijawahi kuthubutu. Karura nayo ilikuwa ikiogopwa, watu wakiporwa na hata kuuawa. Ukawekwa ua wa umeme, wakaajiriwa walinzi, ada ikalipwa. Leo nakimbia humo asubuhi, peke yangu, bila wasiwasi. Bustani ya bure nisiyoweza kuingia inanisaidia nini?

MCHANGIAJI WA TATU
Mbona hamjaitaja bustani ya Jeevanjee? Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwaachia wakazi bustani ile mwaka 1906, na kiingilio hakuna. Mchana wahubiri wako upande mmoja, wanaobishana siasa upande mwingine, mwenye usingizi kalala katikati. Maoni yangu: choo kilipiwe shilingi 10, boti zilipiwe, wapiga picha wakate leseni. Nyasi ziachwe.

MWANZISHA MADA
Wa tatu, hapo tuko pamoja. Anayetaka boti alipie boti.

Dada, hofu yako ni ya kweli na sikupaswa kuipita. Ila tuangalie kilichokulinda Karura: ni mlinzi, ua, na wingi wa watu njiani. Tiketi ilileta tu pesa za kuwalipa, na pesa hizo zinaweza kutoka kwingine. Karura imepakana na Muthaiga na Gigiri, mitaa ya wenye pesa, ambako mia haimzuii mtu. Uhuru Park iko katikati ya jiji, njiani mwa watu wanaoishi kwa kipato cha siku. Kila asubuhi kanjo, yaani watu wa kaunti, humtoza ushuru mama mboga sokoni. Ushuru huo utoshe kumlipa askari wa bustani, kama unavyomlipa anayefagia Moi Avenue, na Moi Avenue hatukati tiketi.

MCHANGIAJI WA PILI
Kaunti iweke taa na askari, wakiwemo wanawake, hadi saa tatu usiku, nami nitakuunga mkono. Ahadi za kanjo nimezisikia tangu niko shule ya msingi. Hadi nizione taa zinawaka, mia yangu iko tayari.