"Kwanza wajenge barabara": hii hoja ya kupinga droni za damu ina mashiko?

Wakuu, salaam. Kila ikitajwa Zipline, ile kampuni changa ya Marekani iliyoanza kupeleka damu kwa droni Rwanda mwaka 2016, jibu ni lile lile: "Kwanza wajenge barabara." Ghana nako, Desemba 2018, wabunge wa upinzani waliupinga mkataba wake wakisema kuna mahitaji ya msingi zaidi.

Mimi sina hisa huko. Ila hoja hiyo inadhani shida ni umbali tu, wakati shida kubwa iko kwenye friji. Hospitali ya wilaya haijui kesho ataletwa mzazi wa kundi gani la damu. Ikijaza makundi yote, chupa zinaisha muda. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazikai zaidi ya siku 5 hivi. Isipojaza, mama anavuja damu dereva akiwa njiani. Damu ikitunzwa pamoja pale Muhanga, kwenye kituo cha Zipline Rwanda, inarushwa ikiitwa. Droni haitui hata: inadondosha boksi na mwavuli wake uani, muuguzi anaokota, inageuza. Utafiti uliochapishwa 2022 katika Lancet Global Health ulikuta damu iliyoharibika kwa kuisha muda ilipungua kwa 67% baada ya mwaka. Lami ingefanya hivyo? Na Rwanda lami wanayo.

Mchangiaji 1: Mkuu, Theranos, ile kampuni ya Marekani iliyodai mashine yake inapima damu kwa matone machache, nayo ilikuwa ya damu. Walioihoji walitishwa na mawakili wake, mwisho mwenye kampuni akatiwa hatiani 2022. Acheni watu wahoji.

Mleta uzi: Wahoji, nani kakataa? Ila yule mwandishi wa Wall Street Journal aliyeiumbua 2015 aliuliza kama mashine inapima kweli. Hakusema "kwanza mjenge zahanati." Huyo aliingia jikoni, hawa wanasonya wakiwa barazani.

Mchangiaji 2: Haya, mimi naingia jikoni. Safari moja inabeba kama kilo 2 tu, na anayelipa ni serikali. Bodaboda mwenye boksi la baridi mmemuuliza bei yake? Wafadhili wakiondoka je?

Mleta uzi: Hapo sasa tunaongea. Leta bei ya bodaboda kwa kilomita, ya kiangazi na ya masika, na chupa zinazooza friji ikijazwa uzihesabu. Tuipige hapa hapa.