Salamu za sikukuu kwa waendesha bodaboda wenzetu

Swali: Ndugu zangu, kijiwe chetu hapa Tanga kina Waislamu na Wakristo, na mwenyekiti ameniagiza niandike salamu za Krismasi na Mwaka Mpya zitakazosomwa kabla ya tarehe 25 Desemba. Je, niziandikeje ili kila mmoja ajione amesalimiwa?

Jibu: Watakie Wakristo heri ya Krismasi waziwazi, kama wao wanavyotutakia Idi njema bila kuzungukazunguka, kisha Mwaka Mpya uwe wa wote. Ile picha ya maua inayosambazwa kwenye kila simu iache, hakuna anayeisoma.

Jibu: Kama yupo mwenzenu aliyelala nyumbani akiuguza mguu, mtajeni kwa jina, na salamu zimfikie pamoja na mchango, hata ukiwa ni fedha ya mafuta ya siku moja.

Jibu: Naongezea kwamba usiku wa kuamkia Mwaka Mpya abiria huwa wengi na walevi hawakosekani, hivyo salamu zenu zimkumbushe kila dereva kubeba kofia ngumu mbili, yake na ya abiria, na kukataa kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hata akiahidiwa nauli maradufu.