Ndoto za riwaya ya picha: fremu zibaki au zivunjwe?

Hoja: riwaya ya picha inahusu wasanii wanne ambao mtaa mzima unawaona wehu, na nusu ya kurasa ni ndoto zao. Ndotoni fremu, yaani visanduku vinavyozunguka kila picha, zibaki?

MCHORAJI: Zivunjwe. Ukizifunga ndoto zao kwenye viboksi sita sita, utakuwa umeungana na mtaa kuwaonea. Picha imwagike mpaka ukingoni.

MPANGA KURASA: Jicho lipite wapi sasa? Mchora katuni Mmarekani Winsor McCay alipoanza Little Nemo in Slumberland, katuni ya ndoto za mtoto Nemo, kwenye gazeti la New York Herald, 1905, fremu alizitia namba. Halafu kuna ule ukurasa wa Julai 1908, kitanda kinatembea mjini: miguu inarefuka na fremu nazo zinarefuka, hadi kinajikwaa kwenye mnara na Nemo anadondoka. Kimo kile unakihisi kwa sababu mstari wa kukipimia upo.

MCHORAJI: Yeye alikuwa na ukurasa mzima wa gazeti, bwana. Kwenye A5, nusu ya karatasi ya A4, fremu ndefu inageuka rula.

MPIGA CHAPA: Na hiyo A5 haina huruma na picha za kumwagika. Zizidishe milimita 3 kila upande, maana kisu cha kukatia kingo hakiangukii palepale kila nakala. Usipozidisha, utepe mweupe unajitokeza. Maneno yakae milimita 5 ndani, au zaidi. Picha ya kurasa mbili kwenye kitabu cha gundi humezwa mshononi, kwa hiyo uso usikae katikati. Pua itapotea.

MWANDISHI WA VIPUTO: Maneno mmeyasahau. “Sitakusamehe” ni herufi 12 kwa neno moja, na kiputo chembamba, yaani kile kiduara cha maneno ya msemaji, hakiliwezi. Likikatwa, liwe “sita-kusamehe”, si “sitak-usamehe”. Pasipo fremu, viputo ndivyo vinavyolishika jicho mkono, basi viandikwe kwa penseli kabla ya mwili wowote kuchorwa. Kiputo kikipachikwa mwishoni huishia kuziba mkono au kupindua zamu ya wasemaji.

MCHORAJI: Hilo nalipokea. Basi mpaka wa fremu ulegee kadiri usingizi unavyoingia: kwanza mstari wa rula, halafu wa mkono mtupu, mwisho nafasi nyeupe peke yake.

MPANGA KURASA: Na wakiamka, rula irudi?

MCHORAJI: Nemo alikuwa akiamshwa kwenye kifremu cha mwisho, mtoto wa watu, kitandani kwake. Hawa wanne wanaamka na kwenda kuichora ileile ndoto. Rula irudi pande tatu tu. Upande wa nne ubaki wazi.