Porsche 911 SC, pua imekaa chini: kukaza skrubu, kubadili fito, au kuweka springi?

Kaka Kamalondo (Lubumbashi)
Jambo wote. Nina 911 SC ya 1982, ya Ulaya, usukani kushoto. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliishusha mbele ili ipendeze macho. Kwa barabara za kule Ulaya sina neno, lakini hapa Lubumbashi kila tuta la mtaani linagusa tumbo la gari, na kule Ruashi ambako malori ya madini yamekandamiza lami hadi ikawa mifereji miwili, gari linapiga chini hata nikienda mwendo wa miguu. Nataka kupandisha pua kabla ya mvua kuanza.

Nimepewa mashauri matatu. Wa kwanza anasema kaza skrubu za kurekebisha, basi. Wa pili anataka nitoe fito za torsioni za mbele (vyuma virefu vinavyobeba gari kwa kusokoteka, badala ya springi) na kuweka nene za milimita 21. Wa tatu anasema fito ni mambo ya zamani, nizitupe niweke amotisere zenye springi za kupanda na kushuka. Bei zake hazikaribiani hata kidogo. Ninyi mliozishika hizi gari, mngechagua ipi?

Fundi wa Katuba
Kaka, skrubu. Ila kwanza nikuulize: umepima wapi? Kama umepima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, hicho kipimo usikitegemee. Gari lina miaka zaidi ya 40, madigadi huenda yamenyooshwa na kupakwa rangi mara nyingi, na tairi likiisha nalo linakudanganya.

Kiwanda kinapima vingine. Unatafuta urefu kutoka sakafuni hadi kitovu cha gurudumu, kisha kutoka sakafuni hadi katikati ya ufito wa torsioni pale unapoishia nyuma ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Kitabu cha karakana cha gari la Ulaya kinataka tofauti ya milimita 108, kuzidi au kupungua 5, na kushoto na kulia visiachane zaidi ya milimita 5. Namba ikiwa kubwa kuliko hapo, mwili umeshuka. Ikiwa ndogo, umepanda. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba tairi halina kauli ndani yake: ufito na kitovu vyote viwili vinashuka pamoja tairi likilika.

Sasa kazi yenyewe. Ufito umelala kwa urefu wa gari, ndani ya mkono wa chini. Mbele umeshikwa na mkono huo, nyuma umeingia kwenye kipande kifupi chenye meno, na skrubu inasukuma kipande hicho. Ukikaza, ufito unasokoteka zaidi na pua inapanda. Usikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake! Nyuzi za skrubu zinaliwa. Inua kwa jeki, weka stendi imara, gurudumu lining'inie, ndipo uzungushe. Kisha shusha, sukuma gari mbele na nyuma mita chache, bonyeza pua mara kadhaa, upime. Gari likitoka kwenye jeki magurudumu yanakuwa yamejibana kwa ndani, na mwili haukai mahali pake mpaka yabingirike.

Skrubu ikifika mwisho na bado hujapata kimo, hapo hujahitaji fito mpya. Toa kile kipande, kisogeze jino moja kwenye ufito, anza upya. Na mkitoa fito zenyewe, msichanganye ya kushoto na ya kulia. Zimeandikwa L na R kwa sababu kila moja imesokotwa kiwandani kwa upande wake; ukiibadilisha itakatika.

Da Bel-Air
Fundi, heshima zako, lakini mimi niko upande wa springi. Ukiwa nazo unapanda na kushuka kwa kuzungusha pete, na unachagua ugumu unaotaka. Hata Porsche wenyewe waliacha fito walipoleta 964, 911 ya kizazi kilichofuata, mwaka 1989.

Fundi wa Katuba
Dada, 964 walitengeneza mwili wake kwa ajili ya springi. Kwenye SC uzito wa mbele unaingia kwenye mikono ya chini na boriti inayoishika. Sehemu ya juu, pale amotisere inapofungwa, haikuumbwa kubeba gari. Inazuia tu mtikisiko. Ukihamishia uzito wote pale bila kuimarisha bati kwa kuchomelea, barabara zetu zitalipasua. Kwa gari la mashindano, linalovuliwa na kukaguliwa kila wiki, nakubali. Kwa gari la kwenda kazini Kampemba na kurudi, hapana.

Da Bel-Air
Hilo la bati sikulipa uzito wake. Mtu akitaka springi basi aweke na gharama ya kuchomelea ndani ya hesabu, na hapo bei inazidi kupaa.

Mwana Likasi
Mimi nina fito za 21 na sizijutii, kwa sababu safari zangu nyingi ni njia kuu ya Likasi, lami, mwendo mkubwa, na gari halilali kwenye kona. Lakini Kaka aelewe anachonunua. Ugumu wa ufito unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe, yaani unene × unene × unene × unene: kutoka 18.8 ya kiwanda kwenda 21 ni ongezeko la kama asilimia 56. Hiyo ni nyingi. Ndani ya mji, kwenye mashimo, pua inarukaruka na amotisere za kawaida hazitaweza kuituliza. Tena ufito mnene haupandishi gari wenyewe. Kimo bado unakipanga kwa skrubu ileile. Kwa hiyo kama shida yako ni tumbo kugusa tuta, umelipia jibu la swali jingine.

Mwingine atakuambia ubadili rimu. Usihangaike. Kutoka tairi la 185/70 ya inchi 15 kwenda 205/55 ya inchi 16 unapoteza kama milimita 4 za kimo.

Mtu wa Nguba (Bukavu)
Naongeza jambo ambalo garaji nyingi hawalifanyi. Sakafu! Huku kwetu milimani hakuna uwanja ulionyooka, lakini hata sakafu ya saruji mjini kwenu ina mteremko. Chukua ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi wanautumia, ujaze maji, peleka mwisho mmoja kwenye kila gurudumu. Palipo chini tia kigae au bati jembamba mpaka maji yalingane kote manne. Bila hivyo unapima mteremko wa sakafu, si gari.

Halafu tangi la 911 liko mbele, karibu lita 80. Likijaa ni kama kilo 60 juu ya pua. Jaza tangi, rudisha tairi la akiba mahali pake, ndipo upime, ukitaka kulingana na kitabu.

Na msikaze upande mmoja peke yake kwa nguvu ili kunyoosha pua. Gari ni kama kiti cha miguu minne: ukirefusha mguu wa mbele kushoto, uzito unaingia hapo na kwenye mguu wa nyuma kulia, na ile mingine miwili inapungukiwa. Pua itaonekana sawa, lakini ukishika breki mvuani gurudumu lililo jepesi litafunga kwanza.

Kaka Kamalondo (Lubumbashi)
Aksanti sana wakubwa. Nimepima kwa mpira wa maji, tangi likiwa limejaa. Kushoto 131, kulia 124. Kumbe imeshuka kuliko nilivyodhani, na haikulingana tangu mwanzo. Swali la mwisho: nikipandisha zote mbili hadi 108, nitaharibu nini?

Fundi wa Katuba
Hutaharibu, utarudisha. Pua ikiwa chini hivyo, fimbo za usukani na mikono ya chini haviendi kwa pembe moja, ndiyo maana ukipita shimo usukani unakuvuta wenyewe. Watu wanaotaka gari liwe chini hunyanyua boksi la usukani kwa vipande vya chuma ili kuponya hilo. Wewe ukifika 108 huhitaji. Angalia tu kama aliyeishusha alishaviweka, na ukivikuta vitoe. Angalia pia mipira ya kikomo ya amotisere. Kwa gari lililokuwa linapiga chini, mara nyingi imeshapondeka.

Kushoto una milimita 23 za kupanda, kulia 16. Nenda kidogo kidogo, robo mzunguko ukibadilisha pande, shusha, sukuma, pima. Simama ukifika 110 hivi pande zote, endesha gari siku chache mjini, kisha upime tena, ndipo umalizie. Paralelismi, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ifanywe baada ya hapo, si kabla, na taa za mbele zirekebishwe, maana pua ikipanda zitamulika macho ya wenzako. Nyuma usiiguse kwanza. Kule kimo kinapangwa kwa kusogeza ufito kwenye meno yake, 40 ndani na 44 nje, na hatuwezi kuujadili mpaka tujue mbele imekaa wapi. Ukimaliza tuletee namba za pande zote nne.