Duara shambani kwetu Rungwe: volkano, kimondo au ardhi imetitia?

Mkulima_Rungwe: Wakuu, habari zenu. Shamba letu la migomba liko kusini mwa Tukuyu, unapoteremkia Kyela. Ndani yake kuna bonde la mviringo kama limechorwa kwa kamba, hatua 140 kutoka ukingo hadi ukingo. Chini ni tope, tunapanda magimbi, na masika maji hufika magotini. Ukingo umeinuka kimo cha mtu kupita mashamba ya jirani. Baba anasema ni kimondo, maana Mbozi si mbali. Mjomba anasema ardhi ilititia. Mimi nahisi volkano, ila mlima wake siuoni. Mnaojua miamba, tulinganishe.

Jiwe_Jeusi: Mbozi isikupe jibu, mkuu. Kile kimondo kina tani 16 hivi, ni chuma chenye nikeli, na pale kilipo hakuna kasoko, yaani shimo la duara. Ila umbo peke yake huwa linadanganya hata wataalamu. Kasoko ya Tswaing, kaskazini mwa Pretoria, ina upana wa kilomita 1 na ushei. Walibishana miaka na miaka kama ni volkano au kimondo, hadi walipotoboa katikati wakakuta chembe za madini ya kwatsi zenye alama za mgongano ambazo volkano haiwezi kuzitia. Kwako ningeweka kimondo mwisho.

Mama_Migomba: Na kutitia je? Amboni kule Tanga maji yanakula mawe ya chokaa, mapango yanatokea. Rungwe chokaa hiyo iko wapi? Kwangu hapana.

Fundi_Visima: Dada, polepole. Zaha, ule uji wa mawe ya volkano, nayo huacha mapango, paa likiporomoka unabaki na shimo. Mjomba asipuuzwe.

Mama_Migomba: Sawa kaka, hilo nimelikubali. Lakini paa likianguka linakwenda chini. Ukingo wa kimo cha mtu umetoka wapi?

Mwalimu_Jiografia: Hapo ndipo penyewe. Shuleni tunachora kasoko juu ya mlima, ndiyo maana kijana anatafuta mlima. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, ikikutana na maji ya ardhini, maji hugeuka mvuke ghafla na kulipua ardhi. Mlima haujengeki. Linabaki shimo, na vilivyorushwa vinatua pembeni kuwa ukingo. Ziwa Masoko, wengine huliita Kisiba, lilizaliwa hivyo, na hapo jirani mna maziwa ya Itamba, Ikapu na Kingiri. Lako ni dogo kwa hayo, lakini liko mtaa mmoja nayo. Usichimbe katikati, mwanangu, utakuta tope tu. Kata ukingo wima uangalie matabaka.

Mkulima_Rungwe: Shikamoo mwalimu. Jumamosi nimekata na mdogo wangu kwa sururu, kina cha kifua. Juu udongo mweusi wa kawaida. Chini yake majivu ya kijivu yamelala tabaka kwa tabaka, mengine membamba kama kidole, yote yakiinamia nje ya bonde. Ndani yake kuna vipande vya jiwe jeusi vyenye ncha kali, havijalainishwa na maji. Kimoja kikubwa kama ngumi kimebonyeza majivu ya chini yake, matabaka yamepinda kukifuata.

Mwalimu_Jiografia: Marahaba. Hilo jiwe lilianguka kutoka juu majivu yakiwa bado laini. Ni mlipuko wa mvuke, sina shaka tena. Kabla hujafukia, piga picha ukiweka rula pembeni.

Jiwe_Jeusi: Nami nimehama, volkano. Baba yako mwonyeshe lile jiwe likiwa palepale ukutani, usiling'oe.