Mrejesho: ule "mpasuko" wa goti langu

Wakuu, asanteni mliochangia. Kwa waliokosa mwanzo: ripoti ya MRI ilisema huenda meniskasi ya nje (gegedu laini kama mto ndani ya goti) imepasuka kwa nyuma, na mimi goti halikwami wala halijavimba, linauma tu nikishuka ngazi.

Nimempelekea daktari mwingine wa radiolojia picha zenyewe, si karatasi ya majibu. Amesema mstari mweupe uliodhaniwa ni mpasuko ni mwanya tu kati ya meniskasi na ligamenti (kano ya kuunga mifupa) ya Wrisberg, kamba nyembamba inayotoka hapo na kupanda hadi mfupa wa paja upande wa ndani, ikipita nyuma ya ligamenti mtambuka ya nyuma, moja ya mbili kubwa zinazopishana katikati ya goti. (Pacha wake, ligamenti ya Humphry, hupita mbele yake, si kila mtu anazo zote mbili.) Alinionyesha picha, kipande baada ya kipande: kadiri unavyosogea katikati ya goti, kidoti cheusi, yaani hiyo ligamenti, kinajitenga na meniskasi na kupanda juu. Mstari ungeendelea mbali kuelekea nje angeshuku mpasuko wa kweli, hasa kama ligamenti mtambuka ya mbele ingekuwa imeumia. Yangu nzima.

Ligamenti ya popliteofibula, kamba ndogo ya nyuma upande wa nje wa goti, haikuonekana vizuri. Ni nyembamba, imelala mshazari, na picha za vipande vya unene wa mm 4 huiruka kirahisi. Hiyo daktari wa mifupa aliipima kwa mikono, akizungusha mguu, goti halijalegea.

Upasuaji umefutwa, naendelea na mazoezi ya misuli ya paja. Mlionihimiza niwahi kisu, nimewasamehe.