SEMINA MUMEONYESHA NUSU YA FILAMU, MDOGO WANGU KARUDI MASKANI KWA MATEJA (uzi mrefu, mnisamehe)

Asalaam aleikum wana Malindi na wa kwengineko. Nimeandika nikafuta mara tatu, leo ntaandika hivi hivi nilivyo na hasira, mwenye kuchoka aruke.

Kuna shirika fulani, jina silitaji sina pesa za wakili, walikuja mtaani kwetu wakaita semina ya familia zenye watoto wa unga, yaani heroini. Viti vya plastiki, soda, mkate wa mayai, mia tano ya nauli. Mamangu akaenda. Mimi nilifika baadae kumchukua nikakuta taa zimezimwa watu wanaangalia filamu ya zamani haina hata rangi, The Man with the Golden Arm, ya 1955, yule muimbaji Frank Sinatra ndiye teja mwenyewe, jina lake Frankie. Kizungu cha Chicago cha zama hizo hata mimi nashika nusu, basi kuna jamaa na maiki anatafsiri, na kutafsiri kwenyewe anaongeza pilipili yake.

Ikafika pale Frankie anafungiwa chumbani kwa yule dada Molly. Anagaragara, anapiga mlango, anatetemeka baridi, anaomba kufunguliwa. Dakika chache tu za filamu, kisha huyo katulia. Jamaa akasimamisha picha hapo hapo. Ati mumeona? Siku tatu! Hakuna methadoni (ile dawa ya kunywa wanayopewa watu wa unga hospitali ili waache), hakuna kliniki, ni kufuli na mapenzi ya familia, na hiki ni kisa cha kweli. Akamalizia na ile yao kwamba methadoni ni unga wa serikali. Watu wakapiga makofi. Mamangu alikuwa analia.

Sasa nisikilizeni. Mdogo wangu alikuwa na miezi kumi na moja kwenye methadoni. Hapa hospitali Malindi inatolewa tangu 2015, si kitu cha jana. Kila asubuhi tuktuk, anakunywa kikombe chake mbele ya nesi, anarudi anaenda kibarua cha kupaka rangi mashua. Alianza miligramu 30 wakampandisha pole pole mpaka 80, na ni kwenye hiyo 80 ndipo alianza kulala usiku kama mtu na kuacha kuuza vijiko vya nyumbani. Na aliyekuwa akimuamsha alfajiri asichelewe ni mamangu huyo huyo!!

Jumatatu akamfungia stoo. Mimi niko Mombasa kikazi, napiga simu naambiwa mdogo wako katulia, kala na wali, Mungu mkubwa. Lazima atulie! Unga ukikosa masaa machache tu arosto hiyo hapo, yale maumivu ya mwili kudai unga, siku ya pili ya tatu ndio inakuwa kali kabisa, wiki ikiisha mwili unaanza kupoa. Methadoni haiko hivyo, inakaa mwilini, siku ya kwanza mtu anaweza akacheka na wewe vizuri, halafu ndio inaanza kupanda, na ikishapanda haiondoki kwa siku tatu, ni wiki mbili tatu mtu halali, tumbo linakwenda, mifupa inauma. Mamangu kahesabu siku tatu za semina, Alhamisi asubuhi kafungua kufuli na sinia mkononi, mahamri na mbaazi, wakati mwenzake ndio kwanza anawaka. Alimpita mlangoni mpaka sinia ikaanguka. Tulimpata baada ya siku sita, maskani, keshajidunga siku nyingi.

Hospitali walimpokea, hawakumtukana wala nini. Lakini kwa siku alizokosa hawawezi kumrudishia 80 yake, mwili umeshapoteza mazoea, dozi ile ile iliyokuwa ikimtuliza sasa inaweza kumkata pumzi. Kaanza tena 30. Na kibarua cha mashua kapewa mtu mwengine.

Ndio nikaitafuta hiyo filamu, nikaipata intaneti bure, nikakaa nayo peke yangu toka mwanzo. Wallahi nusra nirushe simu. Mwanzo kabisa Frankie anashuka basi anarudi mtaani kwake KUTOKA HOSPITALI. Lexington, Kentucky, kulikuwa na hospitali ya serikali ya Marekani ya watu wa madawa. Arosto kaimaliza huko huko, mwili msafi, kaja na ngoma zake anataka kazi ya dramu kwenye bendi. Na bado anarudia! Kwa nini? Kwa sababu Louie anayemuuzia yuko pale pale alipomuacha, mkewe kajikalia kwenye kiti cha magurudumu anajifanya hawezi kutembea ili asiachwe, na kazi inayomngoja ni ile ile ya kugawa karata kwenye kamari usiku kucha. Yaani filamu yenyewe inakwambia mapema kwamba kutoka arosto alishatoka, na haikutosha. Sasa mamangu hakuiona hiyo. Siku ya semina projekta ilikuwa inawaka inazima, mgeni rasmi hajafika, alipofika jamaa wa maiki akasema turuke mbele tuende sehemu muhimu. Sehemu muhimu!

Na hicho kisa cha kweli ni riwaya jamani. Nelson Algren, 1949, ikapata National Book Award mwaka uliofuata. Kwenye riwaya Frankie alizoea morfini baada ya jeraha la vita, na mwisho hatoki na Molly kama kwenye filamu, anakufa kwa mkono wake. Ni Hollywood ndio waliomponya, na Algren hakuipenda kabisa kazi yao. Preminger aliyeiongoza simlaumu sana, wakati ule kuonyesha madawa tu ilikuwa mwiko, filamu ilinyimwa idhini ya wakaguzi wa Hollywood akaipeleka sinema bila idhini, na Sinatra kusema kweli ile baridi kaiweza, nilimuona mdogo wangu pale nikazima kidogo. Shida yangu ni mtu anayechukua mwisho wa kutungwa akaufanya dawa ya watoto wa watu.

Najua watakuja wa kusema mamako hana akili. Ukome. Mamangu kauza viazi karai kumlea yule mtoto, amechoka kuulizwa na majirani mwanao ataacha lini hako kakikombe, akaja mtu na projekta na kadi shingoni akamwambia siku tatu. Wewe ungekataa?

Nilienda ofisini kwao. Kijana akanisikiliza, akanipa maji, akaniambia "sisi tulitoa elimu tu dada, uamuzi ni wa familia." Nikamuuliza yeye kaiona filamu yote? Akaangalia simu yake.

Nasikia wiki ijayo wanaipeleka Lamu. Watu wa Langoni, watu wa Mkomani, mkiitwa nendeni, soda kunyweni, lakini mkatae kuondoka mpaka waianze pale basi linaposimama. Na mwenye mtoto kwenye methadoni, kabla hujanunua kufuli niandikie inboksi, nitakupa mamangu uongee naye, amekubali.